Bei Iliyoandikwa

"Mama, kiwanja ulikinunua kwa shilingi ngapi?"

Afisa wa kodi aliuliza bila kuinua macho, kalamu tayari juu ya fomu. Lilikuwa swali jepesi, nami lilinishinda.  Mkataba wangu wa manunuzi ulikuwa mezani kati yetu, umeandikwa shilingi milioni sita kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi yangu ipo chini yake, imenyooka, haina wasiwasi wowote. Ukweli ni kwamba nililipa milioni kumi na nne.

"Milioni sita," nikasema.

"Na leo unauza arobaini."

"Ndiyo."

"Basi faida yako ni thelathini na nne." Akaandika. "Kodi ni asilimia kumi ya faida, yaani milioni tatu na laki nne. Ukishalipa unapata cheti, ndipo mnunuzi wako aweze kubadilisha jina."

 Nilitamani kumpokonya kalamu. Thelathini na nne niliziona wapi mimi? Hiyo faida ilipita lini nyumbani kwangu nisiione? Lakini kijana wa watu alikuwa na adabu zake, na alichokiandika alikisoma kwenye karatasi niliyomletea mwenyewe.

Inabidi niseme mimi ni nani, maana aibu yangu haieleweki bila hilo. Mimi ni mtu wa masijala. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimetunza majalada ya watu katika ofisi moja ya serikali hapa Kibaha. Barua ikiingia naigonga muhuri, naipa namba, naiweka mahali pake. Nikikuta namba imerukwa, siku yangu imeharibika na wenzangu wanajua wasinisogelee mpaka saa nne ya chai. Wananiita mnoko, na mimi sikatai. Nimewahi kumrudisha mtu aliyetoka mbali kwa sababu barua yake haikuwa na tarehe. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa ameketi mbele ya afisa yule na mkataba wa uongo.

Na sikuwa nauza kwa kupenda. Kiwanja kile, na kuta nilizoziinua juu yake mpaka usawa wa linta, ndivyo vilivyokuwa uzee wangu. Nilikuwa nikipita pale kila Jumapili kung'oa majani ndani ya vyumba visivyo na paa, nikijionyesha mwenyewe, hapa sebule, hapa chumba cha wageni. Nilikiuza kwa ajili ya mama.

Mama yangu anaishi Kurui, kule Kisarawe, kwenye shamba la mikorosho aliloliacha baba. Baba alipofariki, mirathi iligawanywa kwa sheria ya dini: mama akapata thumuni yake, na kilichobaki kaka yangu akapata mara mbili ya changu, na changu kiko bondeni, hakina mnunuzi. Nyumba anayokaa mama iliangukia upande wa kaka, ule unaotazama barabara. Sheikh alimuuliza mama kama ana neno. Mama akacheka, akasema nyumba ya mwanawe ni yake, atamfukuza nani? Yeye akachukua kipande cha nyuma chenye mikorosho inayozaa vizuri.

Miaka ikapita. Siku moja kaka akanipigia simu, sauti yake nzito, akasema anauza. Alikuwa na fremu ya duka aliyoifukuzia kule mjini, na kulikuwa na mtu wa Dar aliyekuwa tayari kuchukua upande wake wote wa shamba kwa milioni thelathini na nane na nusu.

"Na mama?" nikamuuliza.

"Mama nitamchukua, atakaa na mimi."

"Umemuuliza?"

"Dada, mimi nakuheshimu ndiyo maana nakwambia wewe kwanza. Una haki ya kununua kabla ya mtu wa nje. Shufaa yako hiyo. Lete bei hiyo hiyo ndani ya miezi miwili, shamba lako."

Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka mitatu, nimembeba mgongoni, na alinipa miezi miwili. Nilikasirika nikakata simu. Kisha nikampigia mama. Aliposikia habari za kuhamia mjini aliwafukuza kuku wake kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi mjini nitakwenda kufanya nini? Nitakaa juu ya kochi?" Hakulia, ila alianza kuniambia ni nani na nani pale Kurui wanamjulia hali kila asubuhi, akataja majina yote, mpaka salio likaisha.

Tangu siku ile sikuwa na raha. Nilikuwa najua hesabu moja tu: thelathini na nane na nusu, ndani ya miezi miwili. Nilianza na vipande vyangu vya mfuko wa uwekezaji, vile nilivyokuwa nikinunua kidogo kidogo kila nikipata posho. Kuviuza ilikuwa kazi ya siku chache. Wakaniletea karatasi inayoonyesha kila kipande nilikinunua kwa bei gani, nimekiuza kwa bei gani, na faida ni kiasi gani. Ilikuwa safi. Pesa yenyewe ilikuwa ndogo, iliishia kwenye ada ya mwanangu wa mwisho, lakini ilinipa ujasiri wa kijinga. Nikajiambia, kumbe faida ni jambo rahisi, ni ulichouzia utoe ulichonunulia. Hata kiwanja kitakuwa hivyo hivyo.

Mnunuzi wa kiwanja akapatikana mapema, binti mmoja mwajiriwa, mwenye mkopo wa mshahara mkononi na adabu tele. Tulielewana arobaini. Nilipiga hesabu kichwani: nilinunua kumi na nne, nimejengea kama kumi na nne nyingine, jumla ishirini na nane, faida yangu kumi na mbili, kodi milioni moja na laki mbili. Nitabaki na thelathini na nane na laki nane. Namlipa kaka na laki tatu zinabaki za nauli na soda. Nililala vizuri siku ile, na nadhani ndiyo siku ya mwisho.

Kwa sababu kesho yake nilitoa mkataba kwenye jalada langu la nyumbani ili nikaupigishe nakala, nikauona ule mstari wa bei.

Watu wa huku wanajua mchezo wenyewe. Zamani zile, ukinunua kiwanja kwa makubaliano, ofisi ya mtaa inashuhudia mkataba na kuchukua asilimia kumi ya bei. Asilimia kumi inauma. Kwa hiyo kulikuwa na bei ya kulipa na bei ya kuandika, na hakuna aliyeona ajabu. Ungesema umeandika bei kamili watu wangekucheka. Mimi pia sikutaka kuchekwa. Aliyeniuzia alikuwa mzee mmoja mfugaji wa Magindu, mtu wa maneno machache. Tulipokuwa tunaelekea ofisini nikamwambia, "Baba, tuandike sita tu, tusiwape hela zetu." Nilitegemea abishe kidogo. Hakubisha. Alikubali haraka, akaniombea dua nifanikiwe, nami nikasema moyoni, hawa ndio wazee wa zamani, hawana makuu. Niliokoa laki nane. Kwa laki nane ile nilinunua saruji nikajiona mjanja.

Sasa binti mnunuzi akaja na rasimu ya mkataba wake. Nikamtupia wazo, kwa sauti ya utani, kwamba labda tuandike ishirini na tano tukapunguza maumivu. Alitabasamu, akanipa shikamoo nyingine isiyohitajika, kisha akasema:

"Hapana mama, samahani. Mimi nataka iandikwe arobaini. Siku nikija kuuza mimi, wataanzia hapo. Nikiandika ishirini na tano, siku hiyo nitalipia kodi hela ambayo sikuipata."

Umri wake ni kama wa binti yangu wa pili. Nilimjibu, "Sawa, mama, umesema vizuri," na uso ukawaka moto.

Basi ndivyo nilivyofika mezani kwa afisa wa kodi. Baada ya kuandika hesabu yake akanihurumia, nadhani aliona nilivyobadilika. Akasema gharama za ujenzi nazo zinahesabika, kama nina risiti zinaongezwa kwenye gharama na faida inashuka. Nikapumua. Risiti! Mimi nikose risiti? Nilikuwa na bahasha nzima, nimezipanga kwa tarehe: saruji, nondo, mbao. Nikaifungua mbele yake kwa madaha. Nikatoa ya kwanza, ilikuwa nyeupe. Ya pili nyeupe, yenye kivuli cha rangi ya kijivu pembeni. Zote zilikuwa risiti za mashine, zile za karatasi laini, na wino wake ulikuwa umeondoka kimya kimya ndani ya bahasha yangu. Nilikuwa nimetunza karatasi tupu kwa mpangilio mzuri kabisa. Mchanga, kokoto na ufundi navyo nililipa mkononi, na fundi anatoa risiti wapi?

"Pole mama," akasema. "Hizi siwezi kuzisoma."

"Lakini nyumba ipo! Njoo uione! Kuta zimeota zenyewe?"

Watu waliokuwa wanasubiri nyuma yangu waligeuka. Yeye hakukasirika. Alinieleza polepole kwamba yeye anafuata kumbukumbu. Kisha akaongeza, kama mtu anayesema jambo la kupitisha wakati, kwamba mtu asiye na kumbukumbu zozote za gharama yeye hutozwa asilimia tatu ya bei ya kuuzia, mambo yakaisha. "Lakini wewe kumbukumbu unazo. Huu mkataba umeshaniletea."

Asilimia tatu ya arobaini ni milioni moja na laki mbili. Nilipiga hesabu hiyo kabla hajafunga mdomo. Mjinga aliyepoteza karatasi zake zote angelipa moja na laki mbili, sawasawa na nilivyotarajia mimi, na mimi mtunza kumbukumbu nalipa tatu na laki nne. Nilitamani kucheka na nilitamani kupiga kelele.

Nikaomba niende kufikiri. Nje ya jengo nilisimama na mkataba mkononi, na nitasema wazi kilichonipitia: nilitaka kuuchana. Afisa alikuwa hajachukua nakala. Ningerudi baada ya wiki, kwenye dirisha jingine, niseme mama wa watu nimepoteza. Vidole vilikuwa tayari vimeshika pembe ya karatasi. Kisha nikakumbuka kwamba hati sina. Kiwanja kilipimwa, lakini hati ilikuwa inafuatiliwa tangu mwaka ambao hata siutaji. Karatasi ile ndiyo pekee duniani iliyosema kiwanja ni changu. Nikiichana, sina cha kuuza. Nikiitunza, nimeuza kwa faida ambayo sikuipata. Nikairudisha kwenye bahasha, pamoja na zile nyeupe.

Nilirudi ndani kuuliza kama kuna njia nyingine. Afisa akasema, nimlete aliyeniuzia, aape mbele ya wakili kwamba alipokea kumi na nne, na kiapo hicho nikilete. "Tutaangalia. Siahidi." Nikalishika neno lile la tutaangalia na kuondoka nalo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda Magindu. Mzee alikuwa bado hai, jambo nililokuwa nikiliombea njia nzima, na sikuombea kwa upendo. Nilimkuta nje ya boma la ng'ombe, anaziba tundu la uzio kwa matawi ya miiba. Amezeeka sana. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama, na akanitambua upesi kuliko nilivyopenda. Aliacha miiba chini.

"Mwanangu wa kiwanja."

"Ndiyo baba. Nimekuja na shida."

Nikamweleza. Nilisema yote kwa mkupuo, kodi, faida, kaka, mama yangu, siku kumi na tisa. Nilipofika kwenye kiapo, akainua mkono wake.

"Ongea polepole," akasema, na akatazama upande wa pili wa boma, kwenye nyumba mbili za bati zilizokuwa hatua chache kutoka hapo. "Wadogo zangu wapo."

Sikuelewa. Nikasema, "Si vibaya wakisikia, baba, ni jambo la heri."

"Kiwanja kile kilikuwa cha mama yetu," akasema. "Tulikuwa watatu."

 Nilisimama pale na mkoba wangu, na ile haraka aliyokubali nayo siku tulipokuwa tunaelekea ofisi ya mtaa ikanirudia yote, na ile dua. Aliwaonyesha wenzake mkataba wenye muhuri wa serikali, umeandikwa milioni sita. Akawagawia mbili mbili, naye mbili, na nane zikabaki mfukoni kwake. Mimi ndiye niliyempa hiyo karatasi. Nilimwandikia kabisa, kwa mwandiko wangu wa masijala.

Mara mdogo wake mmoja akatoka kwenye nyumba ya karibu, mwanamume mrefu wa makamo, anachechemea kidogo. Alikuja kusalimia mgeni, kama inavyopaswa. Mzee akanitambulisha kwa sauti ya chini kuwa ndiye niliyenunua kile kiwanja. Uso wa yule bwana ukachangamka.

"Kumbe wewe! Dada, ulitunyonga!" Akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Kiwanja cha karibu na lami kwa milioni sita! Nasikia siku hizi panauzwa hela ya kutisha."

"Pamepanda," nikasema.

"Mimi mbili yangu ilikwenda yote hospitali, kwa marehemu mke wangu. Haikufika popote." Alisema bila kulalamika, kama anavyosema mtu jambo lililokwisha zoeleka. "Lakini ndiyo bei ya wakati ule, au siyo?"

Mzee alikuwa ameinamia miiba yake. Hakuwa anaifunga, ameishika tu. Mkono wake ulikuwa unatoka damu kidogo na hakuufuta.

Mimi mdomo wangu haujawahi kukosa neno. Neno lilikuwapo. Ningesema kumi na nne, kwa sauti yangu ya kawaida, na wadogo wale wawili wangemburuta mzee mpaka kwa wakili wenyewe, na ningepata kiapo changu kabla ya jua kuzama. Mama yangu angebaki na nyumba yake. Niliwaza pia boma lile baada ya mimi kuondoka. Niliwaza mambo yote mawili kwa pamoja.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo bei ya wakati ule."

Yule bwana akaniambia nisubiri nipewe maziwa. Nilikunywa. Mzee alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki na hakusema asante, na ingekuwa vibaya zaidi kama angesema. Mpaka leo sijui nilimsitiri mzee au nilimficha mwizi. Sijui kama yule mdogo wake aliyefiwa na mke hakustahili kujua. Wakati mwingine najiambia nilifanya huruma, lakini nikiwa mkweli, nadhani niliona aibu tu. Niliogopa kuulizwa nani alitoa wazo.

Nikalipa kodi. Milioni tatu na laki nne, yote, kwa faida iliyo kwenye karatasi. Afisa akanipa cheti changu na kuniambia hongera, na sikumjibu vibaya. Binti mnunuzi akalipa arobaini zake benki kwa benki, na nikabaki na thelathini na sita na laki sita. Mshahara wangu ulikuwa umeshakatwa mikopo mpaka mwisho wa kukatwa. Kikoba, chama chetu cha akiba, kilinipa laki nne. Nikafika thelathini na saba kamili. Nilipungukiwa milioni moja na nusu, na siku zilizobaki zilikuwa nne.

Nilimpigia kaka, nikamsihi. Sijawahi kumsihi mtu namna ile. Nilimwomba aniongeze miezi mitatu, nikamwomba anikopeshe hiyo moja na nusu juu ya shamba lenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Alikuwa ameshatoa kishika nafasi cha fremu na pesa yote ilikuwa imepangiwa kazi, mpaka senti ya mwisho.

"Dada, nitafanya hivi," akasema. "Njoo na hiyo hela uliyonayo. Nitakupimia ya kiasi hicho. Kilichobaki yule wa Dar kasema atakichukua, hata kiwe kidogo, ilimradi kiwe cha barabarani."

Tulipima asubuhi, yeye, mimi, mwenyekiti wa kitongoji na fundi mwenye futi ya kamba. Waliivuta kutoka kwenye mikorosho ya nyuma kuja mbele, na mimi nilikuwa natembea nayo sambamba, nikiomba isogee. Ilipita mihogo, ikapita choo, ikapita jiko, ikapita nyumba yote, ukuta wa nyuma mpaka ukuta wa mbele. Ilisimama hatua tatu kutoka mlangoni. Fundi akachoma kigingi ardhini. Kutoka kwenye kigingi mpaka barabarani paliachwa ukanda, mrefu kama shamba lenyewe na mpana hatua kumi na moja. Hizo ndizo milioni moja na nusu. Nilizikanyaga mwenyewe, moja mpaka kumi na moja, ili nione upana wa laki nane niliyoiokoa kwenye ofisi ya mtaa.

Mkataba tuliuandika bei kamili. Kaka hakuuliza kwa nini.

Mama alifurahi, na sisemi hivyo kwa kujifariji. Alipiga vigelegele, akachinja kuku, akawaambia majirani binti yake amenunua nyumba na haondoki tena mpaka abebwe. Mtu wa Dar naye si mkorofi. Alizungushia ukanda wake nguzo na waya, akaacha upenyo mbele ya mlango wa mama, mpana wa kupita mtu na ndoo, akasema bibi apite tu bila wasiwasi mpaka atakapoanza ujenzi. Alisema ataanza mwakani, labda. Kila nikienda Kurui nasikiliza kwanza kama kuna sauti ya matofali.

Mara ya mwisho nilipokwenda, nilifika saa za asubuhi. Nilikuwa nimeshuka kwenye bodaboda, nimesimama barabarani natafuta chenji, nikamwona mama anatoka na kikapu kwenda dukani. Amevaa khanga zake mbili, hajaniona bado. Alifika kizingitini akasimama. Akaweka sawa khanga kichwani, akautazama ule uwanja aliofagia miaka arobaini, na akaita kutoka ndani kwenda nje:

"Hodi!"

Nilidhani ameniona, ananitania. Kisha nikaona anasubiri. Hapakuwa na mtu kwenye ukanda ule, ni nyasi na nguzo tu. Akasubiri kiasi kile mtu mstaarabu anachosubiri kwenye nyumba ya watu, akaita tena, kwa upole zaidi. Mimi nilikuwa ng'ambo, barabarani, na mdomo wazi. Jibu la hodi linajulikana na kila mtoto, lakini halitolewi na mtu asiye mwenye mahali hapo.

Baadaye kidogo akainamisha kichwa, akapita haraka.